Vipele vya siku ya tatu: kisa kimoja cha ngozi baada ya waksi ya bikini

Mwanamke wa miaka 31 alifika kliniki ya ngozi siku ya kumi baada ya kufanyiwa waksi ya bikini, yaani kung'olewa nywele za kinena kwa nta, kwa mara ya kwanza maishani. Shida yake aliieleza kwa sentensi moja: "Sista, nywele zote zimeota ndani." Mkononi alikuwa na kimfuko chenye tyubu ya krimu, skrabu ya sukari, dodoki na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, vitu vyote alivyovitumia tangu siku ile.

Hakuwa amekosea kabisa. Nywele zilizoota ndani zilikuwepo, chache. Lakini sehemu kubwa ya alichokuja nacho ilikuwa shida nyingine mbili, na krimu aliyokuwa akipaka ilituliza moja huku ikiistawisha nyingine. Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu ukikifuata siku kwa siku unaona jambo lisiloonekana kwenye picha za vipele: ngozi iliyovutwa waksi ina ratiba yake. Kinachojitokeza saa chache baada ya waksi ni tofauti na kinachojitokeza siku ya tatu, na cha siku ya tatu ni tofauti na cha wiki ya nne. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya hiki ikipakwa kwa kile huharibu.

Kilichotangulia

Alizoea wembe kwa miaka mingi. Nywele zake ni za kujisokota, ngozi yake ni nyeusi. Hakuwa na kisukari wala ujauzito, hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, hajawahi kumeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, na hapaki krimu ya retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) karibu na kinena. Maswali haya tuliyauliza kabla hajapanda kitandani kukaguliwa. Anayetumia isotretinoini hushauriwa kukaa mbali na waksi mpaka ipite miezi 6 tangu aache dawa, kwa sababu ngozi yenyewe inaweza kubanduka pamoja na waksi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye anaweza kuangushwa na maambukizi ambayo mwilini mwa mwingine yangeishia kuwa vipele vya wiki moja.

Mambo mawili yalijitokeza tulipomhoji taratibu. La kwanza, siku tano kabla ya miadi ya saluni alinyoa kwa wembe, "nisimpe yule dada kazi kubwa." Aibu hii tunakutana nayo mara kwa mara, na inaeleweka, ila matokeo yake ni kinyume cha alichokusudia. Ili waksi iushike unywele barabara, unywele unatakiwa uwe na urefu wa milimita 5 au 6 hivi. Uliokua siku tano una milimita moja au mbili. Mfupi kiasi hicho huponyoka, au hukatika chini kidogo ya uso wa ngozi badala ya kung'oka na shina lake.

La pili hakulitaja mpaka tulipouliza kama plasta za vidonda huwa zinamsumbua. "Aa, hizo zinaniwasha tangu zamani, huwa nazibandua mapema." Tukaliandika pembeni.

Siku kwa siku

Waksi ilifanyika asubuhi. Ilikuwa waksi laini, ile inayopakwa nyembamba kisha kuvutwa kwa kitambaa. Kwa kuwa nywele zilikuwa fupi, mhudumu alirudia mahali pale pale mara tatu, kwingine nne. Alipaka hadi sehemu ya juu ya mapaja, ambako nywele ni za kuhesabu. Mwisho alimpaka mafuta ya kutuliza kuanzia chini ya kitovu mpaka mapajani. Kijiti cha kuchotea waksi, kwa kumbukumbu ya mteja, kilikuwa kimoja mwanzo hadi mwisho, kikigusa ngozi na kurudi chunguni.

Alitoka saluni amevaa taiti. Jioni alikwenda jimu kama kawaida yake. Usiku alioga maji ya moto sana, akatia ndani yake vifuniko kadhaa vya dawa ya kuua vijidudu, na alipomaliza akapaka losheni yenye manukato. Usiku huo ngozi ilikuwa ya moto, imevimba kila palipotoka unywele, na inachoma.

Siku ya pili ilichoma zaidi, hasa wakati wa kukojoa. Alikuwa amesikia kwamba nywele huzuiwa zisiote ndani kwa kusugua, basi akachukua dodoki na skrabu ya sukari, akasugua "mpaka nikahisi nimesafika."

Siku ya tatu palitokea vipele vyenye vichwa vyeupe kinenani, na mapaja yakaanza kuwasha. Siku ya nne alinunua krimu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki katika tyubu moja. Mwasho wa mapajani ulipungua siku hiyo hiyo, kwa hiyo akaamini amepata dawa. Siku ya tano alipitisha kidole na kuhisi nywele zinakwaruza. Alishangaa, maana aliambiwa atakaa wiki kadhaa bila kitu. Siku ya tisa tyubu ikaisha. Usiku wake mwasho ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na vipele vya usaha vilikuwa vimeongezeka badala ya kupungua.

Tulichokiona

Kinenani palikuwa na vijipele vyenye usaha, kila kimoja kimezunguka unywele, vimesongamana zaidi pale mshono wa taiti unapokaza. Mapajani hapakuwa na usaha hata kidogo: palikuwa na bapa la ngozi lenye rangi ya zambarau iliyokolea, lenye magamba na alama za malengelenge madogo yaliyokauka, na kingo zake zilikuwa zimenyooka. Kwenye mstari wa bikini kulikuwa na vivimbe vigumu vichache, na katika viwili vyake unywele ulionekana umejikunja chini ya ngozi. Mashavu ya uke yalikuwa makavu, yamepasuka kidogo.

Homa hakuna. Tezi za kinena hazikuvimba. Hapakuwa na vidonda vilivyokaa kwa makundi wala ngozi ngumu yenye joto linalosambaa.

Neno moja kuhusu rangi. Maelezo mengi ya huduma baada ya waksi huzungumzia "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haupo, au ni hafifu mno. Uvimbe wa ngozi huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na mara nyingi mkono huugundua kabla ya jicho: joto, ugumu, maumivu ukibonyeza. Mteja huyu alijiona salama siku ya kwanza kwa sababu hakuona wekundu wowote.

Saa za mwanzo: ngozi iliyobanduliwa juu

Waksi haing'oi nywele peke yake. Huondoka pia na sehemu ya tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokufa linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Kila shina lililong'olewa huacha kitundu kilicho wazi kwa muda, na mwili hujibu kwa uvimbe mdogo kukizunguka. Vipele vya aina hii huanza ndani ya dakika au saa chache, havina usaha, vinachoma kuliko kuwasha, na kwa kawaida hutulia ndani ya saa 24 hadi 48 bila kupakwa chochote.

Katika kisa hiki havikutulia, na sababu si ngumu kuiona. Kurudia waksi mahali pale pale mara nne kulibandua ngozi kuliko inavyostahimili. Waksi laini inashika ngozi na nywele kwa pamoja, ndiyo maana wahudumu wengi waliofunzwa huepuka kuirudia sehemu hii, au hutumia waksi ngumu isiyohitaji kitambaa. Juu ya ngozi hiyo iliyobanduka yakaja maji ya moto, dawa ya kuua vijidudu na manukato, vyote siku moja. Dawa za kuua vijidudu za nyumbani zikiwa kali huunguza hata ngozi nzima. Kwenye mashavu ya uke, ambako ngozi ni nyembamba zaidi, huacha ukavu na mipasuko kama tuliyoiona. Kuchoma wakati wa kukojoa kulitokana na mipasuko hiyo. Kipimo cha mkojo tulikifanya kwa tahadhari na kilikuwa safi.

Niseme wazi kwamba hamu ya kuua vijidudu baada ya waksi ni hamu ya watu wenye akili timamu. Vitundu viko wazi, kwa nini usiviwekee dawa? Tatizo ni kwamba kinga kubwa ya sehemu hiyo ni ngozi yenyewe kuziba tena, na kila kinachoiunguza huchelewesha kuziba huko.

Siku ya tatu, kinenani: vitundu vilivyoingiliwa

Vichwa vyeupe vinavyotokea kati ya siku ya kwanza na ya nne, kila kimoja na unywele au kitundu chake katikati, kwa kawaida ni maambukizi ya vitundu vya nywele. Bakteria anayeongoza ni Staphylococcus aureus. Karibu theluthi ya watu wanaye puani bila kuumwa, na kinena chenye unyevu ni makazi yake mengine. Hakuhitaji kutoka mbali.

Aliingiaje? Njia zilikuwa nyingi mno kuchagua moja. Kijiti kinachogusa ngozi kisha kurudi chunguni hupeleka vijidudu vya mteja mmoja kwa mwingine, na joto la waksi inayovumilika mwilini halitoshi kuvimaliza. Lakini sitamtupia mhudumu lawama yote, kwa sababu jasho la jimu chini ya taiti inayobana, saa chache baada ya waksi, lingeweza kuleta vipele hivi hata kama saluni ingekuwa safi kama chumba cha upasuaji. Vipele vilifuata mshono wa taiti. Hilo linasema mengi. Kisha dodoki: linakaa bafuni na unyevu wake, limejaa vijidudu, likapitishwa kwa nguvu juu ya vitundu wazi siku ya pili.

Kama angeingia jakuzi, tungefikiria pia Pseudomonas aeruginosa, anayependa maji ya moto yasiyotiwa klorini ya kutosha na huleta vipele ndani ya siku moja au mbili. Hakuingia.

Na krimu? Steroidi hupunguza uvimbe kwa kunyamazisha ulinzi wa mwili mahali ilipopakwa. Kwenye kitundu chenye bakteria, hiyo ni kumwondoa mlinzi mlangoni. Antibiotiki iliyo ndani ya tyubu ile ile ingetakiwa kufidia, lakini Staphylococcus wa leo mara nyingi hajali baadhi ya antibiotiki zinazowekwa kwenye krimu hizi, na neomaisini, mojawapo ya zinazotumika sana, yenyewe ni chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Vipele vya kinenani viliongezeka siku zote tano za kupaka.

Siku ya tatu, mapajani: kingo zilizonyooka

Hapa ndipo kisa kilipotuvutia. Mapaja yalianza kuwasha siku ile ile vichwa vyeupe vilipotokea kinenani, na mteja akaviona kuwa ugonjwa mmoja. Lakini mapajani hapakuwa na usaha, hapakuwa na uhusiano na vitundu vya nywele, na mwasho ulizidi maumivu. Ukurutu wa mzio hujitokeza hivyo: siku moja hadi tatu baada ya ngozi kugusana na kitu, unawasha, unaweza kutoa malengelenge madogo, na mpaka wake hufuata mpaka wa kitu kilichogusa.

Kilichogusa ni kipi kati ya vingi alivyopaka? Tulichora ramani. Mafuta ya kutuliza yalipakwa kuanzia chini ya kitovu, lakini tumbo lilikuwa safi. Losheni ya manukato ilipakwa mpaka magotini. Magoti yalikuwa safi. Dawa ya kwenye maji iligusa kila mahali kuanzia kiunoni kwenda chini. Kitu pekee kilichoishia pale kingo zilipoishia, kwa mistari ile ile iliyonyooka, ni waksi.

Swali lililofuata ni gumu kidogo. Mzio wa aina hii hauzuki kwa mguso wa kwanza. Lazima ngozi iwe imekutana na kitu hicho hapo nyuma na kukikariri. Naye hakuwahi kufanya waksi. Ndipo tuliporudi kwenye plasta. Waksi nyingi za kuondolea nywele, laini na ngumu, hutengenezwa kwa kolofoni, utomvu wa msonobari uliochemshwa mafuta yake yakatolewa. Unanata vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo umetumika pia katika gundi za baadhi ya plasta. Mtu ambaye plasta humwasha kila mara, kisha akapata ukurutu wenye umbo la waksi siku mbili baada ya waksi, anastahili kupimwa.

Steroidi ya kwenye krimu ilitibu kweli ukurutu huu kwa muda. Kwa hiyo siku ya nne mteja aliona nafuu ya haki mapajani, akaihesabu kuwa nafuu ya kila kitu, akaendelea kupaka kinenani ambako ilikuwa inaharibu. Alipoikatisha ghafla siku ya tisa, ukurutu ukarudi juu.

Siku ya tano: nywele zinazokwaruza

Unywele uliong'olewa na shina lake huchukua wiki kati ya tatu na sita kuonekana tena. Ukihisi nywele zinakwaruza siku ya tano, hizo hazikung'oka, zilikatika. Ncha iliyokatika ni kali, na kwenye nywele za kujisokota, ambazo hata kitundu chake kimepinda, ncha hiyo hugeuka na kuchoma ukuta wa kitundu au kuingia ngozini kutoka nje. Mwili huuchukulia unywele huo kama mwiba. Vile vivimbe vigumu vichache kwenye mstari wa bikini vilikuwa hivyo.

Kwa mtu ambaye nywele zake ziling'oka vizuri, vivimbe vya namna hii haviwezi kuja siku ya pili wala ya tatu, kwa sababu hakuna unywele wa kuota ndani bado. Huja wiki ya tatu, ya nne, ya tano, wakati nywele mpya nyembamba zinapotafuta njia ya kutoka na kukuta mlango umezibwa na seli zilizokufa. Ratiba hii watu wengi wameigeuza. Wanasugua kwa bidii siku ya pili, wakati hakuna cha kuzuia na ngozi ni mbichi, kisha wanasahau kabisa kuanzia wiki ya pili, wakati kusugua kidogo kungesaidia. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa saluni zimweleze mteja anapoinuka kitandani, ni hili, kabla ya kumuuzia chupa yoyote.

Tulichofanya

Kwanza kusimamisha. Krimu, losheni, skrabu, dodoki na dawa ya kuua vijidudu vilirudi kwenye kimfuko. Kuoga kukawa kwa maji ya uvuguvugu, na sabuni laini isiyo na harufu kwa nje tu. Mashavu ya uke maji matupu. Kukausha kwa kugusagusa, bila kufikicha. Chupi ya pamba isiyobana mchana, usiku bila chupi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, safu nyembamba sana, kwenye mashavu ya uke yaliyopasuka. Siku mbili tu baadaye kukojoa hakukuchoma.

Daktari aligawanya ngozi katika maeneo na kila eneo likapata chake. Mapajani: haidrokotisoni ya 1%, steroidi hafifu, kwa siku chache, bila kuvuka kuingia kinenani. Kinenani: krimu ya mupirosini, antibiotiki ya kupaka, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya joto la kuvumilika kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, ili vipele vifunguke vyenyewe. Alikatazwa kuviminya. Hakuhitaji antibiotiki ya kumeza, na hilo tulilieleza vizuri kwa sababu aliitarajia.

Vivimbe vya nywele tuliviacha. Kimoja kilipofunguka kwa joto la kitambaa na kitanzi cha unywele kikaonekana juu ya ngozi, muuguzi alikiinua kwa kibano kilichochemshwa, akauacha unywele ulipo. Ukiung'oa, utaota tena kutoka shina lile lile na pengine kwa upande ule ule mbaya. Sindano na pini za nyumbani, ambazo wengi hutumia, ndizo huacha makovu.

Ngozi ilipotulia kabisa, wiki ya tatu, alianza asidi ya salisili ya 2% mara mbili kwa wiki kwenye kinena na mstari wa bikini, bila kugusa mashavu ya uke. Asidi hii huyeyusha kizibo cha seli zilizokufa mdomoni mwa kitundu bila kukwaruza, na kwa nywele za kujisokota naiamini kuliko skrabu yoyote ya chembechembe. Kwa asiyeipata, kitambaa laini kilicholowa, kwa mizunguko midogo, mara mbili au tatu kwa wiki, kinafanya sehemu ya kazi.

Saa 48 zingekuwaje

Tukiirudisha siku ya waksi nyuma, mambo yenyewe ni machache, na mengi ni ya kutofanya. Nywele ziachwe zikue mpaka milimita 5. Nguo ya kurudia nyumbani iwe sketi au suruali pana. Jioni ile, kitambaa cha baridi kwa dakika kumi, kuoga kwa uvuguvugu, kisha kulala. Jimu, bwawa, sauna, jakuzi na tendo la ndoa vinangoja siku mbili. Jasho, joto na msuguano ndivyo vitu vitatu ambavyo ngozi iliyobanduka haivipendi. Mikono isipapase papase. Manukato, deodoranti, poda na mafuta yenye dondoo nyingi za mimea vikae mbali, hata yale yanayouzwa kuwa ya kutuliza: mafuta ya mti-chai, kwa mfano, yanasifiwa sana kwa vipele, nayo yapo kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi. Kama ngozi imekauka, kipakaji kimoja kisicho na harufu kinatosha. Maumivu yakisumbua, parasetamoli.

Vipo vitu ambavyo havingoji siku mbili. Homa, maumivu yanayozidi kile unachokiona, ngozi ngumu ya moto inayopanuka saa kwa saa, vidonda au malengelenge ya makundi yanayouma, au kushindwa kukojoa: hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Mwaka 2007 jarida la Clinical Infectious Diseases lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 20 nchini Australia, mwenye kisukari cha aina ya 1 kisichodhibitiwa vizuri, ambaye baada ya waksi ya kutoa nywele zote alipata maambukizi ya bakteria Streptococcus pyogenes pamoja na virusi vya herpes yaliyohatarisha maisha yake. Ni nadra. Lakini ndiyo sababu swali la kisukari lilitangulia maswali mengine yote, kabla hajapanda kitandani.

Baadaye

Usaha uliisha ndani ya wiki moja na nusu. Ukurutu ulichukua muda zaidi kidogo. Yakabaki madoa meusi, na hayo ndiyo yaliyomuumiza moyo kuliko vipele. Kwenye ngozi nyeusi kila uvimbe huacha rangi nyuma yake, na rangi hiyo hufifia kwa miezi. Aliuliza krimu ya kung'arisha. Tulimkatalia: nyingi zina steroidi au haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), na kinena hufyonza kilichopakwa kuliko ngozi ya mkono au mguu, na kwa steroidi ngozi hukonda, ikapata michirizi isiyofutika. Alipewa asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka inayofifisha madoa taratibu, na kushauriwa kuvumilia. Mwezi wa tano madoa ya mapajani yalikuwa yamekwisha, ya kinenani yanaonekana ukiyatafuta.

Kipimo cha mzio kilifanyika baada ya ngozi kutulia. Viraka vyenye vitu mbalimbali vilibandikwa mgongoni kwa saa 48, vikasomwa siku ya pili na tena siku ya nne. Kiraka cha kolofoni kiliwasha na kuvimba. Neomaisini na manukato havikufanya kitu. Alipewa karatasi ya vitu vya kuangalia: waksi, plasta, baadhi ya maskara, vanishi, nta ya upinde wa fidla. Kwenye lebo za vipodozi kolofoni huandikwa Colophonium, na jamaa yake Glyceryl Rosinate.

Wembe hakuutaka tena. Kwa miezi kadhaa alitumia mashine ya kupunguza nywele, akiziacha na milimita mbili tatu juu ya ngozi, na kwa maoni yetu angeweza kubaki hapo daima: nywele hizo hazina uchafu wowote unaodai zitolewe, na unywele usiokatwa chini ya ngozi hauoti ndani. Lakini alipenda ngozi laini, na uamuzi ni wake. Akauliza kuhusu sukari, ile ya kuchemshwa na maji na ndimu, isiyo na utomvu wa msonobari. Tulimwambia asome viambato kama ni ya dukani, apake kipande kidogo cha ndani ya paja, avute, angoje siku tatu kamili kabla ya kuamua, kwa kuwa mzio wake hauonyeshi kitu siku ya kwanza. Siku ya nne paja lilikuwa safi. Nywele za kinena zilikuwa bado fupi, kwa hiyo miadi akaiweka wiki tatu mbele.